Notisi ya uchunguzi wa ritani India: namna ya kuijibu mtandaoni

Mteja akiletewa notisi chini ya kifungu cha 143(2) cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya India ya mwaka 1961, swali lake la kwanza kwetu huwa moja: "Nimeshtakiwa?" Hapana. Ritani yako, yaani fomu uliyotangazia mapato na kodi yako, imechaguliwa isomwe kwa kina, na ofisa anataka vielelezo vya yale uliyoyaandika. Kufikia hapo hakuna kodi ya ziada iliyokadiriwa wala faini iliyotozwa. Yote hayo yanategemea utakachojibu, na ndiyo maana tunawasihi wateja wetu wasiifungie notisi kwenye barua pepe wakingoja ipite.

Kabla ya kujibu, hakikisha ni ya kweli. Matapeli wanajua kwamba neno "kodi" linamtia mtu hofu, kwa hiyo huandika barua pepe zenye nembo ya serikali na kiungo cha kubofya. Usibofye. Tangu 1 Oktoba 2019 barua za idara ya kodi hubeba namba ya utambulisho wa hati, maarufu kama DIN. Ingia mwenyewe kwenye incometax.gov.in, tafuta sehemu ya kuthibitisha notisi, uweke namba hiyo. Isipotambulika, usijibu chochote. Na idara haikuombi nywila ya akaunti yako wala PIN ya benki kwa barua pepe.

Angalia na tarehe. Notisi ya 143(2) inapaswa kukufikia ndani ya miezi 3 baada ya kwisha mwaka wa fedha ambao uliwasilisha ritani. Aliyewasilisha Julai 2025, mwaka wake wa fedha uliisha 31 Machi 2026, hivyo mwisho wa kuletewa notisi hiyo ulikuwa 30 Juni 2026. Ikiletwa baada ya hapo, una hoja nzito ya kisheria, na ni vyema mtaalamu aione kabla hujaandika neno. Sheria mpya ya mwaka 2025, iliyoanza kutumika 1 Aprili 2026, haijafuta mashauri ya miaka ya nyuma. Hayo yanaendelea kwa sheria ya 1961.

Wengi huchanganya notisi hii na taarifa ya 143(1). Hiyo ya 143(1) hutoka kwenye kituo cha uchakataji cha Bengaluru baada ya kompyuta kupiga hesabu ya ritani yako, na mara nyingi husema tu kwamba hesabu imekubalika, una marejesho, au unadaiwa tofauti. Soma namba ya kifungu kabla ya kupandwa na presha.

Sasa jibu lenyewe. Siku hizi sehemu kubwa ya uchunguzi hufanyika bila mlipa kodi na ofisa kuonana. Ingia kwenye akaunti yako ya incometax.gov.in kwa PAN, yaani namba yako ya mlipa kodi, fungua "Pending Actions", kisha "e-Proceedings". Humo utaikuta notisi na sehemu ya kutuma jibu. Kwa kawaida 143(2) hufuatwa na notisi ya 142(1) yenye orodha ya maswali, na kazi kubwa iko kwenye maswali hayo.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kupakia kila karatasi aliyonayo, bila maelezo, akidhani wingi wa karatasi ndio ushahidi. Ofisa anayesoma hakujui, hawezi kukuuliza ana kwa ana, na hana mahali pengine pa kupata kisa chako isipokuwa kwenye maandishi yako. Jibu kilichoulizwa, kwa mpangilio ulioulizwa.

Chukua mfano wa fedha taslimu benki. Benki za India huripoti kwa idara mtu anapoweka taslimu rupia 1,000,000 au zaidi kwenye akaunti za akiba ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Tuseme muuza duka ameweka 1,200,000 na ameulizwa zimetoka wapi. Kuandika "ni akiba yangu" hakumsaidii. Jibu linalosimama ni kama hili: "Rupia 650,000 zilizowekwa tarehe 4 Agosti zilitokana na rupia 700,000 nilizotoa akaunti hii hii tarehe 10 Juni kwa ajili ya ukarabati wa nyumba ulioahirishwa, tazama Kiambatisho 1, ukurasa wa 3. Rupia 550,000 zilizobaki ni mauzo ya duka ya Septemba hadi Novemba, ambayo tayari yamo kwenye mapato niliyotangaza; tazama daftari la fedha, Kiambatisho 2." Ofisa anafungua ukurasa wa 3, anaiona miamala miwili iliyowekewa alama, anaenda swali linalofuata.

Tunalitilia mkazo swali hili kwa sababu fedha ambazo chanzo chake hakikuelezeka hazitozwi kwa viwango vya kawaida. Kifungu cha 115BBE kinazitoza asilimia 60, na ukijumlisha nyongeza na ushuru mwingine inafika asilimia 78. Kama fedha ni mkopo au zawadi, onyesha mambo matatu: aliyekupa ni nani, uwezo wa kukupa alikuwa nao, na muamala ulifanyika kweli. Taarifa yake ya benki huwa na uzito kuliko barua yake ya kuthibitisha.

Kabla ya kutuma, linganisha ritani yako na Fomu 26AS, inayoonyesha kodi iliyokatwa au kulipwa kwa jina lako, na taarifa ya mwaka ya AIS, yenye mapato na miamala yako iliyoripotiwa kwa idara, kwa sababu ofisa anazo zote mbili. Skani kwa usomekaji mzuri, ukihakikisha faili moja halizidi MB 5, na ulipatie jina linaloeleweka. Ukishatuma huwezi kulihariri jibu, kwa hiyo lisome tena lote. Kisha hifadhi namba ya muamala inayotolewa na tovuti baada ya kutuma.

Siku zikiwa chache, omba kuongezewa muda kupitia ukurasa huo huo kabla tarehe haijapita, ukitaja sababu. Ukinyamaza, ofisa anaweza kukadiria kodi kwa kadiri aonavyo chini ya kifungu cha 144, na kila notisi usiyoitii inaweza kukuletea faini ya rupia 10,000.

Ofisa akitaka kukuongezea kodi, kwanza atakuletea notisi ya kujieleza. Hapo unaweza pia kuomba kusikilizwa kwa video, na sisi huwashauri wateja waiombe pale hesabu zinapohitaji ufafanuzi. Uamuzi ukitoka usioridhika nao, una siku 30 za kukata rufaa.

Ukitaka tukuandalie jibu, tutumie PDF ya notisi, nakala ya ritani ya mwaka unaohusika na taarifa za benki za mwaka huo. Nywila usitutumie, tovuti ina sehemu ya kumteua mwakilishi, nasi tutakuelekeza namna ya kutuongeza hapo.