Kumbukumbu ya MV Nyerere, Jumamosi hii

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Jumamosi saa 10 jioni, palepale pa siku zote, tutawaombea wenzetu waliozama na kivuko cha MV Nyerere, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018. Watu zaidi ya 220, wengi wakitoka gulio la Bugolora, na gati la kisiwa cha Ukara wakiliona kwa macho.

Safari hii hakuna hotuba. Mwaka jana ziliturefushia mpaka giza, na mama mmoja pale nyuma akaondoka na khanga ya marehemu bintiye mapajani, hajapewa hata dakika moja. Nilikosea, nisameheni. Tunaanza na wafiwa. Anayelia asiambiwe ajikaze.

Mimi mawazo huwa yananirudisha siku ya tatu ya ajali: watu wameshakata tamaa, wapiga mbizi wakamtoa fundi wa kivuko akiwa hai, alipata penye hewa ndani ya chombo kilichopinduka. Ukara nzima msiba, lakini kuna nyumba moja waliopiga vigelegele.

Chai na mihogo vipo, sukari bado. Asiyeweza kufika aniandikie pembeni jina la mpendwa wake, tutalisoma.