Leso yako imeliwa na kindi

Leicester, Uingereza, 14 Juni

Shoga yangu Mwanakheri,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima wewe na watoto, na mama miguu imempoa. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila nina jambo la kukiri na nimelizungusha tangu Idi.

Uliniuliza mbona kwenye picha za Idi sikuivaa leso uliyonipa siku ya kuondoka, nami nikakujibu iko kwenye maji. Haikuwa kwenye maji. Imeliwa. Na aliyeila si panya wala nondo, ni kindi. Usicheke kwanza, ngoja nikusimulie.

Nyumba yetu unaijua kwa picha: zile za mlolongo, zimeshikana ukuta kwa ukuta kama zetu za Mji wa Kale Mombasa, ila hizi zina paa la mgongo lililoezekwa kwa vigae vya mawe. Chini ya paa pana uwazi ambao mtu hasimami wima, ndio darini kwetu. Watu wa huku huko ndiko wanakoweka kila wasichokitumia na wasichotaka kukitupa, na sisi tukaiga. Sanduku langu la kijani la vitu vya harusi likapandishwa huko mwaka tuliohamia.

Mwisho wa Novemba nikaanza kusikia vishindo. Nimeshasali alfajiri, nimejilaza tena, jua linachomoza kwa uvivu wake wa huku, karibu saa mbili. Juu ya kichwa changu, kwaru-kwaru, kisha kimya, kisha kitu kinabiringika juu ya mbao kama gololi. Baba Nasra akasema panya. Akanunua mitego, akaipaka siagi ya njugu, akaipandisha. Siku ya pili mitego imefyatuka, siagi imelambwa, hakuna kitu. Nikamwambia, panya gani huyu anayelala usiku? Panya wetu wa Kibokoni hufanya kazi zao watu wakilala. Huyu akiamka na jua na kutulia magharibi, kama mtu wa ofisini.

Nilichelewa kupanda kwa sababu ya baridi na, nikuambie kweli, kwa sababu ya uoga. Mpaka Januari taa ya chooni ikaanza kuwaka na kuzimika yenyewe, ndipo nikachukua tochi.

Kwanza niliona ile pamba ya kuzuia baridi. Huku huitandaza darini hadi unene wa milimita 270, nasi tulipohamia tuliilipia kwa uchungu. Sasa imechimbwa vijia kama shamba la fuko. Nikamulika pembeni, sanduku langu lina tundu kwenye kona, la kuingia ngumi, kingo zake zimekatwa kama kwa msumeno mdogo. Nyuma yake kuna tita la majani makavu ya mwaloni na pamba, kubwa kama mpira wa miguu, na katikati ya tita rangi ninayoijua. Nikavuta utepe mmoja. Nyeusi na nyekundu, pambo la korosho. Jina lake unalikumbuka, uliniambia umeizunguka Biashara Street nzima kulitafuta: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Kilichosalia ni MGENI NJOO. Mwenyeji kaliwa, na kupona kwake pia.

Nilikaa juu ya boriti nikacheka peke yangu hadi Baba Nasra akauliza kutoka chini kama nimepandwa.

Fundi wa umeme alipokuja aliacha kucheka haraka. Waya wa taa ya chooni ulikuwa umemenywa, shaba iko wazi kama urefu wa kidole, umelalia majani makavu. Akanieleza kwamba meno ya mbele ya kindi hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hivyo lazima atafune kitu, na waya ni kitu kama kitu kingine. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nawaza tu watoto wamelala chumba cha chini ya pale.

Baadaye tukamwita bwana mmoja wa kampuni ya kuondoa wadudu na wanyama. Akataka pauni 240 za mitego. Nikamuuliza, ukimnasa utampeleka wapi, kuna msitu gani? Akaniangalia kama mtoto. Kumbe sheria ya hapa, ile ya wanyamapori ya 1981, inakataza kumwachilia kindi wa kijivu porini, na kanuni za 2019 zimekaza zaidi. Ukishamnasa hana pa kwenda, ni lazima auawe, tena bila kuteswa. Ukimzamisha kwenye pipa la maji kama wanavyofanyiwa panya wa kwetu, unaweza kushtakiwa wewe kwa ukatili. Sababu yake ni kwamba huyu wa kijivu asili yake Marekani. Tajiri mmoja aliachilia jozi kwenye shamba lake huko Cheshire mwaka 1876, na wengine wakaiga kwa sababu ni wazuri wa kutazama. Sasa wamewasukuma kindi wekundu wa hapa mpaka wamebaki hasa Scotland, kaskazini mwa England na visiwa kadhaa. Na wana ugonjwa wa ndui ambao wao huubeba bila kuumwa, mwekundu akiupata anakufa.

Jirani yangu, bibi mmoja mzee wa nyumba ya mkono wa kushoto, ndiye aliyeniongezea habari hizo, kwa hasira kabisa, kwamba hawa si wa hapa, wameletwa, wamejaa nchi nzima. Huku anasema huku anawarushia njugu za maganda kutoka kwenye mfuko wa aproni. Nilinyamaza, mwenzangu. Ningesema nini?

Baba Nasra alitaka mitego iwekwe siku ile ile. Mimi nikasitasita. Nikiikumbuka leso nilimchukia yule mnyama, wallahi, nikifikiria mtu alipwe amuue juu ya kichwa changu nilishindwa. Nikasema ngoja wiki moja. Wiki ikawa mwezi, Ramadhani ikaingia, na siku moja wakati wa daku, nyumba kimya, naosha vyombo, nikasikia vilio vyembamba kama vya vifaranga. Nikapanda. Watoto watatu, wekundu, hawana manyoya, macho hayajafunguka, wamelala juu ya leso yako. Mama yao akapanda juu ya kombamoyo akanikemea, mkia unamtetema, sauti kama mtu anayekuna nazi kavu. Nikateremka kwa adabu.

Hapo shauri likawa limejikata lenyewe. Fundi wa paa, mzee mmoja mtaratibu, alinionya kwamba nikiziba tundu mama akiwa nje, atabomoa vigae kuwafuata wanawe, asipowafikia watakufa humo na uvundo nitaukoma. Watoto hunyonya kama wiki kumi. Kwa hivyo siku ya Idi, ulipoiuliza leso, ilikuwa kazini. Na leso kazi yake nini kama si kubeba watoto?

Bustani nayo hata sitaki kuizungumza sana. Oktoba nilizika tunguu hamsini za tulipu, mgongo wangu ukakoma. Zimetoa maua kumi na moja. Zilizobaki zilifukuliwa moja moja, vishimo safi kama vya bao, wengine wakazika njugu za yule bibi ndani ya chungu changu cha dania. Dafodili hawakuzigusa hata moja, zina sumu, nazo ndizo nilizozipanda kwa kujazia tu. Mtu akaniambia tia pilipili kwenye chakula cha ndege, ndege hawausikii ukali ila kindi anausikia. Hilo kweli. Nilizisaga zile kavu ulizoniletea, nikachanganya na mbegu. Kindi akaja, akala mbili tatu, akasimama, akasugua mdomo kwenye nyasi kushoto na kulia, akatoweka. Nikapiga kigelegele jikoni. Kesho yake Imran akajaza mbegu mwenyewe ili anisaidie, kisha akafikicha macho. Alasiri yote nilikuwa nammwagia maji huku analia na kuuliza amekosa nini. Siku ya tatu ikanyesha mvua, pilipili yote ikaenda. Niliachana na dawa hiyo.

Mei watoto wakaanza kutoka. Niliwaona alfajiri wakishuka kwenye mfereji wa paa, wanaanguka, wanarudi, na mikia yao bado haijajaa. Fundi akaja. Njia yao ilikuwa pale ubao wa ukingoni, unaofunika vichwa vya makombamoyo, ulipokuwa umeoza. Akaliacha tundu moja tu, akalivika kijimlango cha wavu kinachosukumwa kutoka ndani na kujifunga chenyewe, na kwingine kote akapigilia wavu mzito wa chuma wa matundu ya nusu inchi. Si ule wa banda la kuku, huo wanautafuna. Mimi nikanyunyiza unga wa ngano juu ya mbao, kila asubuhi napanda kusoma nyayo. Siku ya kwanza nyayo tele, ya pili chache. Ya tano unga mweupe pe, kama ulivyomwagwa. Nikasubiri mbili zaidi kwa usalama, naye akaja akaziba.

Siku iliyofuata yule bibi akagonga mlango. Anasikia vishindo darini kwake.

Nyumba nyingine za zamani kama zetu hazina ukuta kamili darini kati ya jirani na jirani, na kindi mmoja, nadhani ni mama, alikuwa ameshajua hilo kabla yetu. Nimempa namba ya fundi. Amenunua wavu, na njugu sasa hajazirusha wiki ya pili. Bima yetu ilikataa kulipa hata senti, wanasema uharibifu wa wanyama wanaotafuna haumo, maandishi yenyewe madogo kama mchanga. Waya, pamba na paa vimetutoka mfukoni, na safari ya Desemba imesogea mbele. Hilo ndilo lililoniuma kuliko leso, sitakuficha.

Kipande kilichosalia nimekifua kwa maji moto mara nne. Nimekikata mraba, nimekipiga pindo, kiko ukutani jikoni, MGENI NJOO. Nasra anaona aibu wageni wakija.

Wifi yangu atatoka Mombasa Agosti, na mkoba wake una nafasi, nimeshamuuliza. Pita Biashara Street ukiwa na wasaa uniangalizie leso nyingine, pea moja, pesa nitakutumia kwa simu. Ukiipata ile ile, alhamdulillahi. Ukiikosa nichagulie yoyote unayoona itanipendeza, ila shoga, jina lisiwe na neno mgeni ndani yake.

Wasalimie wote, na mama mbusie mkono.

Wako,
Zuhura