Ketamini kwanza, uyoga baadaye

Mhariri,

Mjadala wa kutibu sonona kwa silosaibini, kemikali iliyomo katika baadhi ya uyoga, umefika hadi kwenye baraza za kahawa, na wanaodai sheria ibadilishwe husifu dawa wakasahau kuhesabu saa za watu.

Chukua MDMA, dawa ya kulevya iitwayo pia ekstasi, kwa wenye kiwewe, kama ilivyojaribiwa Marekani: vikao vitatu vya maandalizi vya dakika 90, siku tatu za dawa za saa nane nane, kisha vikao tisa vingine vya dakika 90. Ni saa 42, na wataalamu ni wawili, kwa hiyo mgonjwa mmoja anakula saa 84 za kazi. Na bado Agosti 2024 wadhibiti wa dawa wa huko waliikataa, wakataka utafiti zaidi. Silosaibini ina nafuu kidogo: miligramu 25 mara moja, na kukaa na mgonjwa saa sita hadi nane. Katika jaribio la watu 233 lililochapishwa 2022, asilimia 29 ya waliopewa kipimo hicho walikuwa wametokwa na sonona baada ya wiki tatu, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa miligramu 1. Si haba, ila saba kati ya kumi hawakufika huko. Anayetumia fluoksetini, kidonge cha sonona, hulazimika kuiacha kwanza, nayo hukawia wiki kadhaa kutoka mwilini. Wiki hizo ndizo za kumchunga. Hata kwenye kilinge cha mganga mwele haachwi peke yake. Sisi tutampata nani wa kukaa naye?

Ketamini, dawa ya usingizi, tayari imo katika vyumba vya upasuaji. Kwa sonona iliyoshindikana, kipimo ni nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, kwa dripu ya dakika 40. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 30. Kwa kichupa cha miligramu 50 kwa mililita, hiyo ni mililita 0.6 tu, inayochanganywa kwenye mililita 100 za maji ya chumvi. Mpira wa matone 20 kwa mililita hudondosha matone 50 kwa dakika. Kwenye kichupa ndipo panapoharibika. Vipo pia vichupa vya miligramu 10 kwa mililita, na anayevuta mililita 3 akidhani ameshika hicho dhaifu amempa mgonjwa miligramu 150, dozi ya kumlaza kwa kisu. Kigurudumu cha dripu kikilegea, presha hupanda na mgonjwa hujiona ametoka mwilini. Presha ipimwe kabla ya kuanza na kila dakika 10; ikizidi 140/90, isubiriwe ishuke. Aliyewahi kurukwa na akili asipewe. Nafuu yenyewe hufifia baada ya siku chache hadi wiki mbili hivi, dozi hurudiwa, na anayeizoea kwa starehe huharibu kibofu. Kwa hiyo kufuli ni lazima.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 uliweka silosaibini katika jedwali kali kuliko yote, MDMA ikaongezwa humo 1986, lakini kifungu cha 7 kiliacha upenyo kwa sayansi na tiba finyu sana. Tangu 1 Julai 2023, Australia inawaruhusu madaktari wa akili wenye kibali maalumu kuziandika. Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lianze na kanuni za ketamini: nani ashike ufunguo, daftari la sahihi mbili, mabaki yamwagwe mbele ya shahidi. Leseni ya utafiti wa uyoga ifuate. Nidhamu hiyo si ngeni katika hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, ambako tangu 2015 methadoni, dawa ya kuwatibu watumiaji wa heroini, hunywewa mbele ya mhudumu.

Kwa mtumiaji wa unga, yaani heroini, hakuna kati ya hizi iliyo badala ya methadoni. Anayekamatwa na kete moja apelekwe kliniki, si rumande. Aliye kwenye methadoni akikosa dozi siku tatu au zaidi, mwili hupoteza mazoea, na kumrudishia kipimo chake cha zamani siku anayotoka rumande kunaweza kumkata pumzi.

Wahudumu wa afya ya akili,
Unguja