Mchambuzi atuambie sauti imeharibikia wapi

Mhariri,

Mchambuzi wako wa filamu ana jicho zuri. Taa, mavazi na pembe za kamera anavisoma bila taabu. Ikifika zamu ya masikio, huandika maneno mawili tu, "sauti mbovu", akapita, kana kwamba sauti ina ugonjwa mmoja na dawa yake ni moja.

Safari hii amewaweka wahusika wa Oppenheimer (2023) kapu moja na waigizaji wetu kwa kuwa wote "wanamung'unya". Mwongozaji wake, Christopher Nolan, ameshasema hadharani kwamba hupendelea sauti iliyonaswa siku ya kupiga picha kuliko kumrudisha mwigizaji studio akariri maneno upya, na kamera za IMAX (zile kubwa za picha za skrini pana sana) alizotumia zina kelele zake. Muziki ukimeza maneno katika filamu kama hiyo, huo ni uamuzi wa mwongozaji. Mchambuzi aukatae akitaka, ila asiuite uzembe.

Tena kuna makosa ya ukumbi. Filamu huchanganywa sauti kwa kipimo cha 7 kwenye kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti ukumbini, lakini kumbi nyingi hukishusha hadi 5 au chini yake kwa kuwa watazamaji hulalamikia kelele za matangazo. Milipuko bado husikika, wanaopotea ni wanaonong'ona. Au spika ya katikati, iliyo nyuma ya skrini na inayobeba mazungumzo karibu yote, imechoka. Muziki ukijaa pembeni huku maneno yakitoka kama chini ya mto, mwulize mwendesha mitambo kabla ya kumlaumu mwongozaji.

Filamu za nyumbani zina maradhi mengine, na dalili zake ni rahisi kuzitambua. Sauti ikienda mbali kila picha inapopanuka na kurudi karibu kila uso unapojaa skrini, jua kwamba wametegemea kinasa sauti cha kwenye kamera. Mita tatu ndani ya chumba cha saruji, kinachonaswa zaidi ni mwangwi. Kinasa kilitakiwa kuning'inia kwenye ufito, nusu mita hadi mita moja kutoka mdomoni, nje kidogo ya fremu. Mkwaruzo kila mwanamke anapogeuka ni kile kinasa kidogo cha kifuani kinachosuguana na kanga, na kipande cha plasta kingetosha kukituliza. Ukelele unaopasuka kama karatasi umerekodiwa kwa kiwango cha juu mno. Vilele vya sauti vingeachwa kwenye -12 dB, yaani chini kidogo ya sifuri ambayo ndiyo mwisho wa kipimo, mwigizaji angepata nafasi ya kupiga kelele. Hilo halirekebishiki vizuri baadaye, hata kwa programu ya bei mbaya.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni dogo. Watu wawili wanazungumza, na kila picha inapohamia kwa mwingine, muungurumo wa friji unazuka na kuzimika. Hakuna aliyekumbuka kunyamazisha lokesheni kwa sekunde 30 na kurekodi ukimya wa chumba kile, ili mhariri wa filamu apate cha kutandika chini ya mazungumzo. Ndipo kinanda kinapoletwa, kikalia tangu sini ya kwanza hadi ya mwisho. Mchambuzi wako amekiita "muziki uliokithiri hisia". Mara nyingi ni blanketi tu, limefunika kelele za jenereta.

Na midomo kuachana na maneno? Ikiachana kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, mhariri wa filamu alikosea kuoanisha sauti na picha. Ikiachana kidogokidogo, kasi za fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, zimechanganywa: 24 na 23.976 zinakupa pengo la sekunde 3.6 kila saa. Kosa la kwanza hurekebishwa kwa kusogeza sauti mara moja, la pili halikubali.

Ombi langu ni la mstari mmoja. Chini ya kila uchambuzi iandikwe filamu ilitazamwa wapi: ukumbini, kwenye televisheni, au kwenye simu. Na kama ni simu, iongezwe kama alivaa visikizio, kwa sababu spika ya simu haitoi besi, na nusu ya anayoyasifu kuhusu muziki hayawezi kusikika humo.

Mrekodi sauti za filamu,
Dar es Salaam