"Mliniuzia Bluu, Imetoa Pinki": Ukweli Kuhusu Haidrenjia

Lalamiko limerudi tena kitaluni kwetu, safari hii kutoka Shangani, hapa Mtwara: mche ulinunuliwa ukiwa na maua ya bluu, msimu uliofuata ukatoa pinki, na mteja anaona ametapeliwa. Mche ni ule ule. Haidrenjia, kichaka cha maua chenye asili ya Japani, huchukua rangi kutoka kwenye udongo. Bluu huletwa na alumini, na mizizi huipata pale tu udongo unapokuwa na tindikali, pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi) 5 hadi 5.5. Ikipanda kupita 6.5, alumini hubaki imefungwa udongoni na ua huwa pinki. Nyeupe haibadiliki, ufanyeje.

Sasa, sehemu kubwa ya mji wetu imekaa juu ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Chukua udongo mkavu wa uani, udondoshee siki. Ukitoa povu, hapo bluu usahau. Maji ya kisima cha pwani nayo hubeba chokaa, na mchanga wa ufukweni umejaa vipande vya makombe. Majivu ya jikoni huongeza tatizo lile lile, na mbolea ya DAP huifunga alumini hata tindikali ikiwepo.

Kinachotuulia miche mingi ni salfa ya unga iliyobaki baada ya kupulizia mikorosho. Ni kweli salfa huleta tindikali, lakini polepole, mpaka vijidudu vya udongoni viifanyie kazi kwa wiki nyingi. Mtu anatia konzi moja kwenye chungu, wiki inapita haoni kitu, anaongeza ya pili. Miezi miwili baadaye yote inafanya kazi kwa pamoja: kingo za majani zinaungua, ukiung'oa mche mizizi ni ya kahawia na inakatika kama uzi uliooza. Hapo umeokoa bei ya shabu, ile chumvi yenye alumini ya kutulizia maji, umepoteza mche.

Tumia chungu cha sentimita 30 chenye matundu. Changanya sehemu 2 za udongo mwekundu wa Newala, 2 za majani yaliyooza vizuri na 1 ya mchanga wa mto. Saga shabu, koroga kijiko kikubwa 1 kwenye lita 4 za maji. Lowesha udongo kwanza kwa maji matupu, kisha mimina lita 2 za mchanganyiko huo; ukimimina kwenye udongo mkavu unachoma mizizi. Rudia kila baada ya wiki 4, na uanze kabla vitumba havijaonekana, kwa sababu ua lililokwisha funguka halirudi nyuma. Mwagilia maji ya mvua ukiyapata. Jua la asubuhi, kivuli kuanzia saa tano. Na mbuzi wasifike: majani yana sumu.

Kupogoa ni mara tu maua yanaponyauka, juu ya jozi ya kwanza ya majani yenye afya. Ukisubiri miezi kisha ukanyoa kichaka chote, umekata vitumba vya msimu ujao.

Kuhusu shilingi 15,000, bei ya mche wetu ambayo wengine huilalamikia: vitumba vinahitaji wiki kadhaa za usiku wenye baridi, chini ya nyuzi 18 hivi, na pwani yetu huupata kwa nadra. Ndiyo maana miche tunaifuata Lushoto, milimani kwenye baridi. Kipandikizi cha jirani kitashika mizizi ndani ya mwezi, sawa, lakini hapa mjini mara nyingi kitakupa majani tu.

Ukija kulalamika, njoo na konzi ya udongo na chupa ya maji unayomwagilia. Kupima hatutozi.