Tuambieni upana wa mlango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwafikie wenye hoteli, wenye nyumba za wageni na wanaotembeza watalii. Mimi natumia kitimwendo, na napenda sana kusafiri. Mambo hayo mawili yangekaa pamoja vizuri tu lisingekuwapo neno moja dogo, hilo hilo nililolitumia sasa hivi: "tu".

Wiki mbili kabla ya safari moja nilipiga simu hotelini kuuliza kama mtu wa kitimwendo anaweza kukaa kwao. "Ndiyo, karibu sana!" akajibu dada wa mapokezi. Nilipofika nikakuta ngazi mlangoni. "Ni tatu tu," akasema mlinzi huku akikunja mikono ya shati, na kabla sijafungua mdomo wanaume wanne walishanidaka, mmoja wao akiwa ameshika gurudumu, kitu kinachozunguka! Juu nilifika. Chumbani nikakuta mlango wa bafu ni mwembamba kuliko kiti changu. Siku mbili nilioga kwa beseni, na habari za choo tuziache.

Sina kinyongo na wale wanaume. Wala yule dada hakunidanganya kwa makusudi: aliulizwa swali ambalo hakuna aliyewahi kumwandaa kulijibu, akajibu kwa ukarimu. Ila ukarimu wenyewe ndio ulionitoa nyumbani na kunikwamisha mlangoni mwa bafu. Angeniambia "haiwezekani", ningetafuta kwingine na wala nisingemnunia.

Basi ombi langu ni dogo, na halihitaji mkopo wa benki. Chukueni futikamba, pimeni, andikeni mlichopima pale mnapotangaza vyumba vyenu. Msiandike "tunapokea watu wenye ulemavu". Maneno hayo hayaniambii chochote. Niandikieni upana wa mlango wa bafu, na mpime uwazi unaobaki mlango ukiwa umefunguliwa, si fremu kwa fremu, maana ubao wa mlango wenyewe unakula sentimita kadhaa na hizo ndizo zinazonigharimu. Viti vingi vya watu wazima vina upana wa sentimita 60 hadi 70. Niandikieni kimo cha kitanda, kwa sababu najihamisha kwa mikono, na kitanda kilichopishana sana na kiti changu ni mlima. Wapo wenzangu wanaonyanyuliwa kwa mashine ambayo miguu yake lazima ipite chini ya kitanda. Kitanda kilichozibwa hadi sakafuni kinawafungia nje hata kama jengo zima halina ngazi. Na picha ya choo tafadhali. Picha za machweo tunazo za kutosha.

Kuhusu rampu, yaani mteremko wa kupitishia kiti penye ngazi, nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye ajali. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu zenye kimo cha jumla cha sentimita 45 zinataka mteremko wa mita 5.4. Sasa fikirini ule ubao wa mita moja na nusu ambao fundi huulaza juu ya ngazi tatu na kuondoka kifua mbele. Kwa mtu wa kitimwendo huo ni mtego, na akishuka nao peke yake ataishia barabarani.

Najua jibu: "Jengo letu ni la zamani." Akropolis ya Athens, yale mahekalu ya kale ya Ugiriki, ni ya zamani zaidi ya miaka 2,400, iko juu ya mwamba, na tangu mwaka 2020 ina lifti mpya inayopandisha watu wa vitimwendo hadi juu. Lakini sijasema mjenge lifti. Nimesema mpime. Jengo lisiloweza kubadilishwa linaweza kuelezwa.

Jibu la pili ni kwamba wageni wa aina yetu ni wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani mtu mmoja katika kila sita. Msipowaona mapokezi, ulizeni wamekwama wapi. Isitoshe, mimi sisafiri peke yangu. Ninapokosa chumba, wanahama na dada yangu, mume wake na watoto wao watatu.

Huyo dada yangu ni kiziwi, na kisa chake kinanitisha kuliko changu. Aliwahi kulala peke yake katika hoteli ambayo kengele ya moto ililia usiku wa manane. Wageni wote wakatoka uani. Yeye alipata habari asubuhi, mezani, pale mgeni mmoja alipomwonyesha kwa ishara kwamba jana mambo yalikuwa moto. Bahati ilikuwa hitilafu ya umeme. Mapokezi wakajitetea kuwa walimgongea sana mlango. Walimgongea kiziwi mlango! Taa inayomulika kengele inapolia, au kifaa cha kutikisa kinachowekwa chini ya mto, vipo na vinauzwa. Na pasipokuwa na hivyo, basi jina na namba ya chumba viwe kwenye karatasi ya mlinzi wa zamu, na mtu mwenye ufunguo ajue kwamba kazi yake ni kuingia na kuwasha taa.

Wapo pia ambao mahitaji yao hayaonekani kwa macho: mwenye usonji anayeelemewa na muziki wa ukumbini, mwenye mzio, aliyeanza kusahau. Uwanja wa ndege wa Gatwick, London, ulianza mwaka 2016 kuwapa abiria wa namna hiyo utepe wa kijani wenye maua ya alizeti wauvae shingoni, ili mhudumu ajue bila abiria kujieleza mbele ya foleni. Viwanja vingi vya ndege vimeiga. Ni kitambaa tu. (Hapa neno "tu" nimelikubali.)

Na jambo moja la adabu. Mhudumu wa meza akimgeukia shemeji yangu na kumwuliza, "Yeye atakula nini?", mimi nipo hapo na menyu ninayo mkononi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unataja maeneo ya utalii waziwazi, ibara ya 30. Sikuja kuwatisha kwa sheria, ila msidhani tunaomba fadhila.

Mwaka jana nilimpigia simu mama mmoja mwenye nyumba ndogo ya wageni. Nilipomwuliza swali langu la siku zote hakusema ndiyo. Alisema, "Subiri, mwanangu, nikapime." Nikasikia kandambili zikienda, zikarudi. "Bafu sentimita 66. Mlango mkubwa una ngazi moja, kimo 11. Ubao ninao." Una urefu gani, mama? Kandambili zikaenda tena. "Mita moja na nusu." Nikapiga hesabu: 11 mara 12 ni 132. Unatosha. Kiti changu kina sentimita 63.

Nilikwenda. Vidole vilikwaruzika kidogo kwenye fremu ya bafu, lakini nilioga kwa maji ya bomba kama wageni wengine. Asubuhi ya kuondoka alikuja na futikamba yake, akaniomba ruhusa, akapima kiti changu toka gurudumu hadi gurudumu, kisha akaandika 63 kwa penseli ukutani, kando ya namba ya simu ya fundi bomba.

Msomaji wako,
Msafiri wa kitimwendo