Kibali cha kuteremka mto kina sababu yake

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji aliyelalamika kwamba vibali vya kuteremka mito ya nyikani kwa boti za mpira ni urasimu mtupu, uliobuniwa ili kumnyima mtu wa kawaida haki ya kufika huko. Naomba nafasi nimjibu kwa mfano wa mto alioutaja mwenyewe, yaani Colorado unaopita katika korongo la Grand Canyon nchini Marekani.

Hoja yake ni kwamba boti ikishapita, maji hayabaki na alama. Ni kweli, lakini watu hawalali majini. Kutoka Lees Ferry, boti zinakoingizwa mtoni, hadi Diamond Creek, ambako nyingi hutolewa, ni maili 226, takribani kilomita 364, na wanaopiga makasia huchukua wiki mbili hivi au zaidi, kwa hiyo kila jioni kundi hulazimika kutafuta ufuko wa mchanga uliobanwa kati ya mto na kuta za miamba. Zamani mafuriko ya kila mwaka yalileta mchanga mpya. Tangu bwawa la Glen Canyon, lililo juu zaidi ya mto, lianze kuzuia maji mwaka 1963, mchanga mwingi hutuama nyuma ya ukuta wake, na fukwe zinazidi kumomonyoka. Kinachogombaniwa, basi, ni mahali pa kulala.

Ndiyo maana kundi la watu binafsi, yaani wanaojisafirisha wenyewe bila kampuni, haliruhusiwi kuzidi watu 16, moto wa kuni huwashwa ndani ya sinia la chuma, na majivu pamoja na kinyesi hubebwa hadi mwisho wa safari. Sharti la kukojoa mtoni badala ya mchangani lilinichekesha nilipolisikia mara ya kwanza. Hata hivyo, jangwani hakuna mvua ya kutosha kuusafisha mchanga ambao kesho utalaliwa na wengine, ilhali mto mkubwa kama ule huzimua mkojo mara moja.

Kuhusu haki, ninakubaliana naye nusu. Orodha ya kungojea kibali iliyotumika zamani ilirefuka hadi mtu akasubiri zaidi ya miaka kumi, na bahati nasibu iliyochukua nafasi yake mwaka 2006 ni afadhali sana, kwa kuwa humwongezea nafasi mtu ambaye hajauteremka mto huo kwa miaka kadhaa. Hakuna anayeruhusiwa kwenda zaidi ya mara moja kwa mwaka, awe na kampuni au na wenzake. Lakini mwenye fedha hununua kiti katika safari ya kampuni bila kuingia kwenye bahati nasibu hiyo, huku mwenye boti yake na ujuzi wake akishindwa mwaka baada ya mwaka. Kama msomaji mwenzangu anatafuta dhuluma, aelekeze lawama zake kwenye mgawanyo huo wa nafasi kati ya kampuni na watu binafsi, wala si kwenye kibali.

Wako,
Msomaji